Kanuni, gridi au wavu: jinsi ya kuchagua modeli ya maji chini ya ardhi

Wengi wanaotafuta modeli ya maji chini ya ardhi, yaani hesabu inayoigiza maji yanavyosafiri na kukaa ardhini, huuliza kwanza ipi ina uwezo mkubwa. Mimi huuliza: ukiiendesha mara moja, inamaliza baada ya muda gani? Dakika mbili au saa kumi? Nitazipima njia zote zilizomo humu kwa swali hilo, maana ndilo linaloamua kama utapata jibu la kutegemewa au picha ya kupendeza tu.

Hesabu yenyewe ni hii. Kilichoko chini hatukioni. Tunatoboa visima vichache vya uchunguzi, na nafasi iliyo kati ya kisima na kisima tunaikisia. Upenyezaji, yaani urahisi wa maji kupita ndani ya mwamba, unaweza kutofautiana mara mamilioni kati ya changarawe safi na mfinyanzi. Ndiyo maana modeli haiendeshwi mara moja. Huendeshwa tena na tena, vigezo vyake (namba tunazozikisia, kama upenyezaji) vikibadilishwa kidogo kidogo, mpaka matokeo yake yakaribiane na vipimo vya visimani. Kisha huendeshwa tena mara nyingi, ili tujue ni ardhi ngapi tofauti zinazoweza kuzaa vipimo hivyo hivyo.

Tuseme una vigezo 50. Programu ya urekebishaji kama PEST, kazi ya John Doherty, kwa njia yake ya kawaida hukigusa kila kigezo peke yake, hivyo mzunguko mmoja unadai kuendesha modeli mara 50 na ushei. Mizunguko 10 ni mara 500. Modeli ya dakika mbili itamaliza kazi hiyo kwa saa kama 17. Modeli ya saa kumi itahitaji saa 5,000, karibu miezi saba, kwa kompyuta inayofanya kazi moja kwa wakati mmoja. Kazi inaweza kugawanywa kwa kompyuta nyingi, na PEST++, programu ndugu yake, ina njia mpya inayotumia kundi la modeli mia moja au mia mbili hivi, ambamo wingi wa vigezo hauongezi idadi ya kuendesha. Unafuu huo ni mkubwa kweli. Lakini mia mbili mara saa kumi, kwa kila mzunguko, bado ni mlima.

Kanuni ya karatasi dhidi ya gridi

Njia ya haraka kuliko zote ni kanuni ya Theis. Mwaka 1935 Charles Theis wa Shirika la Jiolojia la Marekani (USGS) aliazima hisabati ya joto linavyosambaa kwenye kitu kigumu, akaitumia kueleza maji yanavyoshuka kuzunguka kisima kinachovutwa kwa pampu. Inadai vitu vichache: kiasi cha maji unachovuta, uwezo wa tabaka lenye maji kuyapitisha (upenyezaji mara unene), kiwango chake cha hifadhi (maji linayoachia usawa unaposhuka), umbali na muda. Jibu linapatikana papo hapo.

Nitoe mfano. Unavuta mita za ujazo 500 kwa siku. Tabaka lina uwezo wa kupitisha maji wa mita za mraba 200 kwa siku, na limebanwa chini ya mfinyanzi, hifadhi yake ikiwa 0.0002. Baada ya siku 10, kisima cha jirani kilicho mita 100 kutoka hapo kitashuka kama mita 1.5. Sasa badilisha kigezo kimoja tu: sema tabaka liko wazi juu na hifadhi yake ni 0.1. Mshuko unakuwa kama sentimita 32. Tofauti ni karibu mara tano, na imeletwa na kujua au kutojua kama juu ya mchanga ule kuna mfinyanzi. Ukikosea hapo, programu ghali kuliko zote itakupa kosa lile lile, ila kwa rangi nzuri zaidi.

Udhaifu wa kanuni hii uko kwenye masharti yake. Inachukulia kwamba tabaka ni la unene mmoja, la aina moja kila upande, halina mwisho, na kisima kinalipenya lote. Hakuna mto ndani yake, wala mlima wa mwamba mgumu. Kwa hiyo mshuko wake hauishi, ilhali katika ardhi halisi kisima kinachovutwa kwa miezi huanza kula maji ambayo yangefika mtoni, na mshuko hutulia. Mto ulionyooka unaweza kuigizwa kwa kuweka kisima cha kubuni upande wa pili, kinachoingiza maji badala ya kutoa. Mto unaojipinda, matabaka matatu na visima kumi na vitano vinavyowashwa kwa zamu ni kazi ya zana nyingine.

Katikati ya kanuni na gridi kuna njia ambayo naona haitumiki inavyostahili, nayo ni elementi za kiuchanganuzi, iliyokuzwa na Otto Strack wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Kila kisima, kipande cha mto na eneo linalopokea mvua huwa na kanuni yake, kisha kanuni zote hujumlishwa. Hakuna gridi kabisa. Programu ya TimML, iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Python na Mark Bakker, inapatikana bure na kwa matatizo ya kawaida hutoa jibu kwa sekunde. Kama unachotaka ni kuchora eneo la kulindwa kuzunguka kisima cha maji ya kunywa, anza nayo. Mahali miamba inapobadilika kila hatua chache haitakufaa.

MODFLOW au FEFLOW

Ndugu wawili wanaolinganishwa zaidi ni hawa. MODFLOW ilitolewa na USGS mwaka 1984, waandishi wakiwa Michael McDonald na Arlen Harbaugh. Ni bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Wazo lake ni kuigawa ardhi katika seli, kuandika hesabu ya maji yanayoingia na kutoka kila seli, halafu kuzitatua hesabu zote kwa pamoja. Mto ni moduli, visima ni moduli, mvua inayojaza tabaka ni moduli, unachukua unazohitaji. Toleo la sasa ni MODFLOW 6, lililotoka mara ya kwanza mwaka 2017.

FEFLOW ilianza Berlin mwaka 1979 kwa mkono wa Hans-Jörg Diersch, na sasa inamilikiwa na DHI ya Denmark. Ni ya kulipia. Badala ya gridi ya mistatili hutumia wavu, mara nyingi wa pembetatu, unaoweza kukazwa karibu na kisima na kulegezwa mbali, na kufuata ufa wa mwamba au ukingo wa mto ulivyo.

Kwa miaka mingi umbo ndilo lililokuwa hoja ya kuchagua FEFLOW, na ilikuwa hoja ya haki. Chukua eneo la kilomita 10 kwa 10. Kwa seli za mita 100, kila tabaka lina seli 10,000. Ukitaka mita 25 karibu na kisima kimoja, gridi ya zamani ya MODFLOW ilikulazimisha kuzipunguza seli kwa mstari mzima mpaka ukingoni, na ukizipunguza eneo zima unafika seli 160,000 kwa tabaka, au 800,000 kwa matabaka matano. Muda wa kuendesha unapaa. Pembetatu ziliondoa shida hiyo. Lakini mwaka 2013 ilitoka MODFLOW-USG, ambayo inakubali seli za maumbo mbalimbali, na MODFLOW 6 nayo inakubali. Seli inaweza kugawanywa nne, kisha nne tena, pale tu panapohitajika. Anayekwambia leo kwamba MODFLOW haiwezi kufuata mto anazungumzia programu ya miaka ya nyuma.

Hoja nyingine ya zamani ilihusu seli zinazokauka. Maji yaliposhuka chini ya kitako cha seli, matoleo ya zamani yaliizima, hesabu ikayumba na wakati mwingine ikagoma kumaliza. MODFLOW-NWT ya mwaka 2011 ilileta utatuzi wa Newton, njia ya hisabati inayoiacha seli iliyokauka ibaki ndani ya hesabu, nao umeingizwa pia katika MODFLOW 6. Kwa migodi inayokaushwa ili ichimbwe, au tabaka jembamba juu ya mwamba mgumu, washa Newton tangu siku ya kwanza. Ukirithi faili za MODFLOW-2005 kutoka mradi wa zamani, zihamishie toleo jipya kabla ya jambo jingine lolote.

FEFLOW ingali na nafasi yake. Joto, chumvi na udongo usiojaa maji vinapokutana katika tatizo moja, kwa mfano visima vya kuvuna jotoardhi karibu na pwani, imekomaa na kiolesura chake kinakuokolea siku nyingi. Upande wa MODFLOW, kilichonifanya niipende zaidi ni daftari lake la maji. Kila seli inajua ilichopokea na ilichotoa, na unaweza kuuliza: katika lita mia zilizovutwa hapa, ngapi zimetoka mtoni, ngapi kwenye hifadhi, ngapi kwa jirani? Hilo ndilo swali la watu wanaogombania maji, na jibu lake hutoka waziwazi.

Kuhusu kiolesura, USGS hutoa ModelMuse bure. Mimi nashauri FloPy, maktaba ya Python inayoandika faili za MODFLOW, hata kama mwanzoni inachosha. Kila uamuzi unabaki umeandikwa katika hati moja ambayo mwingine anaweza kuisoma, kuihoji na kuiendesha upya. Modeli iliyojengwa kwa kubofya huacha swali la nani alibadilisha nini na lini.

Chumvi inastahili aya yake. Kabla ya kufungua programu yoyote, tumia uwiano wa Badon Ghyben na Herzberg, wa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20: kila mita moja ya maji baridi (yasiyo na chumvi) iliyo juu ya usawa wa bahari huashiria takriban mita 40 za maji baridi chini yake. Kama kisima chako kimefika mita 60 chini ya bahari na usawa wa maji ni mita moja tu juu, unajua tayari kwamba kuna hatari. Ukihitaji zaidi, SEAWAT, MODFLOW 6, FEFLOW na SUTRA zote hukokotoa maji yenye uzito tofauti. Ila mpaka wa chumvi unadai seli nyembamba sana kwenda chini, na hapo modeli ya dakika mbili hugeuka ya saa nyingi. Igawe kazi: sehemu nyembamba ya wima kwa ajili ya chumvi, na modeli pana ya kawaida kwa ajili ya eneo zima.

Bonde moja, modeli mbili

Bonde la Kati la California ni mahali pazuri pa kuona mashindano haya yakifanyika kweli. USGS ilichapisha mwaka 2009 modeli iitwayo CVHM, inayotumia MODFLOW: seli za maili moja ya mraba, matabaka kumi, hatua za mwezi mmoja mmoja kuanzia 1961 hadi 2003. Idara ya Rasilimali za Maji ya jimbo hilo ina yake, C2VSim, inayotumia programu ya IWFM, ambayo ni ya wavu, kila kipande chake kikiitwa elementi. C2VSim ina matoleo mawili: moja la elementi 1,392 tu, na jingine lenye zaidi ya 30,000.

Ukizisoma modeli hizo pamoja utaona kwamba mistatili na pembetatu si kiini cha mambo. Mzigo mkubwa kwa zote mbili ni kwamba visima vingi vya mashamba havikuwa na mita. Kiasi kilichovutwa ilibidi kikadiriwe kutokana na mahitaji ya mazao, mvua na maji ya mifereji. Kosa la makadirio hayo linaingia katika modeli yote, iwe seli zake ni za umbo gani. Nami naiona busara ya kuwa na toleo dogo kando ya lile kubwa: dogo hujaribiwa mara nyingi, kubwa hutumika pale mahali mahususi panapodai undani.

Mwamba wenyewe

Kabla ya maji kuna jiolojia, na hapa uchaguzi mbaya huumiza kuliko uchaguzi wa programu ya mtiririko. Nitakaa kidogo.

Kuna krigingi. Danie Krige, mhandisi wa migodi wa Afrika Kusini, alianza kuitumia kwenye dhahabu ya Witwatersrand, akachapisha kazi yake mwaka 1951; Georges Matheron wa Ufaransa akaijengea msingi wa hisabati. Thamani ya mahali pasipopimwa hukadiriwa kwa wastani wa vipimo vya jirani, kila kimoja kikipewa uzito kulingana na jinsi kufanana kunavyopungua umbali unapoongezeka. Kwa mtu anayetaka kujua bloku hili la mgodi lina gramu ngapi kwa tani, ni zana bora. Inampa wastani ulio wa haki na kipimo cha kosa lake.

Kwa maji, na hasa kwa uchafu unaosafiri na maji, wastani huo huo ni hatari. Fikiria mkondo wa kale wa mchanga, upana wake mita 20, uliozikwa katika mfinyanzi, na visima vya uchunguzi vilivyoachana mita 200. Kimoja kimeukuta mchanga, vitatu vimeukosa. Krigingi itapaka mchanga ule kama doa laini linalofifia, na modeli itasema uchafu unakwenda polepole pande zote. Ardhini uchafu unafuata mkondo, na unafika kisimani mapema kuliko alivyoambiwa anayekitumia. Anayekunywa maji yale ndiye anayelipa tofauti hiyo.

Dawa yake ni uigaji wa bahati nasibu: badala ya ramani moja laini, kompyuta huzalisha ramani mia, kila moja ikiheshimu visima vilivyochimbwa lakini ikitofautiana na wenzake katikati. Kila ramani hupitishwa kwenye modeli ya mtiririko, na jibu linakuwa sehemu fulani ya mia ambamo uchafu ulifika ndani ya miaka kumi. Kipimo changu cha mwanzo kinarudi kwa nguvu: bila modeli nyepesi, mia hizo hazitaendeshwa.

Njia ya tatu ni ya nyuso. Zamani mwanajiolojia alichora sehemu za wima kwa mkono, akaziunganisha moja baada ya nyingine. Kisima kipya kilimaanisha kuchora upya. Leapfrog, programu ya kulipia inayotumiwa sana migodini, hukokotoa uso wa kila tabaka moja kwa moja kutoka kwenye vipimo, na kisima kipya kikiongezwa uso hujirekebisha. GemPy, iliyotokea Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, hufanya kazi ya aina hiyo bure kwa Python, na unaweza kuisogeza mipaka ya matabaka kidogo mara mia ili kuona jibu linayumba kiasi gani. Kwa miamba iliyokunjwa na kukatwa na nyufa, chagua nyuso kwanza, kisha jaza ndani yake kwa uigaji. Kwa tambarare la mashapo ya mto, nyuso zitakusaidia kidogo tu, kwa kuwa mchanga na mfinyanzi vimechanganyika bila mpaka wa kuchorwa.

Zile za kila kitu, na zile zisizo na ardhi ndani

MIKE SHE, HydroGeoSphere na ParFlow huunganisha mvua, mimea, udongo, mito na maji ya chini katika hesabu moja. Denmark ina modeli ya nchi nzima inayotumia MIKE SHE, na kwa taasisi ya kitaifa inayoihudumia mwaka hadi mwaka ni uamuzi wenye mantiki. Kwa mshauri mwenye miezi minne na visima tisa, sioni sababu. Data inayohitajika haipo, na kila kisichopimwa kinakuwa kigezo kingine cha kukisia.

Mitandao ya neva inayojifunza kutokana na kumbukumbu za visima hutabiri vizuri usawa wa maji wa wiki au miezi ijayo, mradi kumbukumbu ni ndefu na hali haijabadilika sana. Usiiulize kuhusu kisima ambacho bado hakijachimbwa; haijawahi kuona kitu kama hicho. Setilaiti za GRACE, zilizofanya kazi kuanzia 2002 hadi 2017, na warithi wao wa GRACE-FO waliorushwa 2018, hupima mabadiliko ya uzito wa maji katika maeneo ya upana wa mamia ya kilomita. Zinafaa kwa bonde kubwa zima, hazifai kwa kijiji.

Kabla ya kulipia leseni

Kwa kisima kimoja na majirani wachache, tumia Theis. Kwa eneo la ulinzi wa chanzo, TimML. Kwa mgao wa maji, mgodi au uchafu, MODFLOW 6 ikiandikwa kwa FloPy na kurekebishwa kwa PEST++, ikianza na seli kubwa na kupunguzwa pale tu matokeo yanapobadilika ukizipunguza. FEFLOW kama joto au chumvi ni sehemu ya swali lenyewe na ofisi ina uwezo wa kulipia leseni kila mwaka. Mradi ukiisha na leseni ikaisha, faili zitabaki bila wa kuziendesha.

Kuna jambo moja ambalo hakuna kati ya hizi itakalokutatulia. Katika tabaka ambalo hali yake imetulia, linalojazwa na mvua na kutoa maji mtoni, ukizidisha mara mbili mvua inayoingia na ukazidisha mara mbili upenyezaji, usawa wa maji katika kila kisima unabaki ule ule. Vipimo vya kina vinakupa uwiano wa viwili hivyo, havikupi kimojawapo. Modeli inaweza kuendana na visima vyote hadi sentimita ya mwisho huku ikidai maji maradufu ya yaliyopo, na mtu akatoa vibali vya kuvuta kwa idadi hiyo. Kinachovunja utata huo ni kipimo cha mtiririko: maji yanayopita mtoni mwishoni mwa kiangazi, wakati karibu yote yanatoka ardhini, yapimwe sehemu mbili, juu na chini ya eneo lako. Siku moja ya kazi kwa watu wawili wenye kipima-mkondo. Kama fedha zinatosha leseni au vipimo hivyo lakini si vyote viwili, nenda mtoni.